Mabamba Sita Yaliyochomelewa Mbulu

Siku yangu ya kwanza karakana nilikaa nje mpaka saa nne asubuhi. Fundi Boay, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha kuchomelea, aliniona langoni na gauni langu na kikapu akadhani nimemletea mtu chakula. Alipotoka kwenda kunywa chai akaniuliza mimi ni mke wa nani. Nikamjibu kwamba si mke wa mtu, nimetoka Endagikot, nimekuja kujifunza kuchomelea vyuma na barua yangu ni hii. Aliisoma barua mara mbili, ya pili polepole kuliko ya kwanza. Kisha akasema, "Basi ingia. Ila hilo gauni litaungua."

Liliungua siku hiyohiyo kabla ya saa sita.

Ninyi mnaobaki karakana mmeniomba niandike niliyoyaona miaka yote hii, na nimekubali kwa sharti kwamba sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vimebandikwa ukutani ofisini, na mishahara mnaijua. Nitaandika kuhusu chuma, na watu wachache walionifundisha namna ya kukishika.

Fundi Boay alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi yaliyoonekana kama chawa weupe. Miezi miwili ya kwanza hakuniwashia mashine. Alichora mstari wa chaki juu ya bamba, akanipa rodi, ile fimbo ya kuchomelea, isiyo na umeme, akaniambia niifuate chaki bila mkono kutetemeka mpaka aniambie basi. Hakuniambia basi. Wanaume walioanza pamoja nami walikuwa wanachomelea madirisha na milango, na mimi nafuata chaki. Siku aliyoniwashia mashine nilielewa kwa nini. Macho yako yanapofunikwa na kioo cheusi huoni chochote isipokuwa kile kijidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, na mkono unatakiwa uwe unajua njia tayari. Alisimama nyuma yangu akiwa hata hajavaa kioo, ameangalia upande mwingine kabisa. "Unakimbia," akasema. Nilimuuliza amejuaje na haangalii. Akanijibu kwamba mshono ukienda vizuri unalia kama mafuta ya maandazi, na wangu ulikuwa unalia kama kuku.

Mwaka wangu wa tatu alikuja Mzee Gidamis kutoka Gendabi. Alikuwa mfugaji mwenye ng'ombe wengi, lakini ukoo wao ni wa wahunzi, na yeye mwenyewe alifua mikuki na bangili tangu ujana. Alileta plau yake ya kukokotwa na ng'ombe. Mguu wa plau ile aliutengeneza mwenyewe kwa springi ya lori, nao ulikuwa umekatika. Nilimsalimia, nikapokea kazi, nikachomelea mshono ambao mpaka leo sijaona aibu kuutaja. Ulikuwa umelala kama magamba ya samaki. Fundi Boay alipita akautazama akaendelea na kazi zake, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa.

Siku ya tano Mzee Gidamis akarudi na plau ileile begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chuma chako kimelia."

"Kimelia vipi?"

"Jana asubuhi. Kilikuwa kimelala ukutani, hakuna mtu amekigusa. Kikasema *tik*. Mke wangu pia amesikia."

Tuliangalia. Mshono wangu ulikuwa mzima. Ufa ulikuwa umepita kando yake, umbali wa kucha moja, ndani ya springi yenyewe. Fundi Boay alimwambia kwa adabu kwamba labda plau iligonga jiwe.

"Ningegonga jiwe," akasema Mzee Gidamis, "ningesema nimegonga jiwe. Mimi nina mawe mengi, sioni haya." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe umekipa homa, halafu umekitupa kwenye baridi. Sisi hatufanyi hivyo. Unakipasha kwanza chote. Unafanya kazi kikiwa bado cha moto. Ukimaliza unakizika kwenye majivu mpaka ng'ombe warudi."

Alikaa siku nzima kwenye benchi karibu na mlango ili ahakikishe ninafanya alivyosema. Niliusaga ufa ukaisha, nikaupasha mguu wa plau kwa moto wa gesi, nikachomelea, nikauzika kwenye majivu tuliyoazima jikoni kwa mama wa chai. Mguu ule ulilima Gendabi kwa miaka mingi, nao haukukatika tena. Kesho yake nilipofika kazini nilikuta pipa lililokatwa nusu, limejaa majivu yaliyochekechwa, kando ya benchi langu. Fundi Boay hakusema ni nani ameliweka. Alikuwa na majivu kwenye nyusi.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kukausha rodi. Alitengeneza kabati kwa friji bovu, akaweka taa ndani ya kuleta joto, na humo rodi zililala kama vifaranga. Alisema ukungu wa Mbulu unaingia hata kwenye mawazo ya mtu, sembuse unga unaoifunika rodi. Alipostaafu aliniachia benchi lake, friji lile na nyundo ya kubandua ganda la mshono. Nyundo niliipoteza mwaka huohuo. Sijawahi kumwambia.

Ester alikuja karakana miaka mingi baadaye, mimi nikiwa tayari mwalimu. Alitoka Nambis, kwao wanalima ngano na viazi, na alikuja baada ya kidato cha nne kwa sababu nafasi ya kuendelea na masomo ilichelewa. Mkono wake ulikuwa wa wastani. Maswali yake ndiyo yalikuwa mazito. Nilipomweleza habari ya plau iliyolia siku ya nne, wenzake waliandika "pasha kwanza, zika kwenye majivu" wakafunga madaftari. Yeye alibaki.

"Mwalimu, kwa nini siku ya nne? Kwa nini haikukatika siku ya kwanza?"

Nikamjibu kwamba chuma kina tabia zake.

"Lakini kitu gani kinakuwa kinafanyika humo ndani siku zote hizo tatu?"

Sikujua. Nilimwambia sijui, na nadhani ndiyo sababu hakunisahau. Nafasi yake ya masomo ilipofika alikwenda, akaendelea mpaka akawa daktari wa vyuma, anafundisha chuo kikuu. Siku moja alinipigia simu kuniletea jibu, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. Unyevu wa kwenye rodi unavunjwa na ule moto wa umeme na kutoa hidrojeni, ambayo ni hewa nyepesi kuliko zote. Inajipenyeza kwenye chuma cha moto, inatembea taratibu mpaka inakusanyika mahali palipokakamaa kando ya mshono, na siku ikitosha inapasua. Ukikipasha chuma na kukipoza polepole unaipa nafasi ya kutoka. "Mzee wa Gendabi alikuwa sahihi," akasema. Nikamwambia yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na shaka.

Sasa nafika kwenye mwaka wangu wa mwisho kazini, ambao ndio mlioniomba hasa niuandike.

Ester alikuja na gari la chuo, na nyuma ya kiti kulikuwa na sanduku la mbao. Aliamkia, akanywa chai, kisha akalifungua mezani. Ndani kulikuwa na mabamba sita ya chuma, kila moja unene wa kidole gumba, limekatwa katikati tayari kuunganishwa. Alieleza kwamba chuma kile kina kromu na vitu vingine vilivyochaguliwa kwa makini, nacho kimetengenezwa kwa ajili ya mitambo ambayo bado inajaribiwa nchi za nje, inayotaka kupata umeme kwa kuunganisha viini vya atomi, kazi ileile ambayo jua linafanya kila siku bila kuombwa. Kuta za mtambo wa namna hiyo zinapigwa na joto na chembe zisizoonekana mchana na usiku. Chuma cha kawaida kinachoka upesi. Hiki kinavumilia, lakini kina ugumu wake mahali pa kuunganishwa. Mshono ukiwa dhaifu, mtambo mzima ni dhaifu.

Kwa hiyo wataalamu wa nchi kadhaa walikuwa wanalinganisha njia nne za kukichomelea. Wenzake wa nje walichukua mbili: leza, na mwonzi wa elektroni unaofanya kazi ndani ya chumba kilichoondolewa hewa yote. Ester na chuo chake walipewa zile mbili za mkono: rodi, na argoni, ile hewa inayopulizwa kuukinga mshono. Nikamuuliza mtu mwenye leza ana shida gani na mkono wangu.

"Kuna mabomba nyuma ya mtambo ambako mashine haifiki, Mwalimu. Na kitu kikiharibika baada ya miaka, atakayeingia kurekebisha huenda akawa ni mtu na rodi yake."

"Basi kuna tatizo gani?"

Akatoa bamba la saba kwenye mkoba. Lilikuwa limechomelewa tayari, na lilikuwa na ufa. Mengi kati ya waliyochomelea kule chuoni yalipasuka hivyohivyo, mengine siku ya pili, mengine ya tatu. Wenzake walikuwa wameandika barua, kwa adabu nyingi, wakipendekeza kwamba njia za mkono ziondolewe kwenye ulinganisho, na ripoti iseme kuwa chuma hiki hakifai kuchomelewa kwa mkono. Yakishaandikwa hivyo, nani ataandika tofauti? Alikuwa amebakiwa na mabamba sita tu, na mwezi mmoja.

Nililigeuza lile bamba kwenye mwanga wa mlango. Mshono ulikuwa mzuri, wa mtu anayejua kazi. Ufa ulikuwa kando yake, umbali wa kucha moja.

"Rodi mlizihifadhi wapi?"

"Stoo."

"Pakiti ilifunguliwa lini?"

Akafikiri. "Mwezi uliotangulia."

"Na hapo mlipokuwa mnachomelea, upepo ulikuwa unatoka wapi?"

Akainamisha kichwa. "Kulikuwa na feni, Mwalimu. Kule ni joto."

Nikamrudishia bamba lake. Kosa alikuwa ameshaliona mwenyewe: upepo unaifukuza hewa ya kukinga na unakipoza chuma upesi.

Tulianza kesho yake. Mabamba matatu yangekuwa ya rodi na matatu ya argoni. Nilimwita Martina, ambaye mnamjua, mwalimu mwenzangu. Argoni mimi niliijifunza ukubwani, yeye alianza nayo kabla vidole havijazoea kitu kingine. Tulifunga madirisha yote na kuziba mwanya wa chini ya mlango kwa magunia, kwa sababu ule ulikuwa mwezi wa saba na upepo wa Mbulu mwezi wa saba hauna heshima. Rodi tulizikausha kwa saa mbili kwenye oveni kubwa, halafu tukazihamishia kwenye kabati la joto, na kila moja ilitoka pale ilipohitajika tu. Ester alileta chaki maalumu zinazoyeyuka kwenye joto linalojulikana. Unachora kwenye bamba, chaki ya mia mbili ikiyeyuka unajua umefika nyuzi mia mbili, ndipo unaanza. Ikiyeyuka ya mia tatu unasimama, unasubiri, maana chuma kile hakipendi baridi na hakipendi pia kuchemka kupita kiasi. Tabaka moja, bandua ganda, piga brashi, pima, tabaka la pili. Ni kazi ya uvumilivu wa kupika makande.

Mabamba mawili ya kwanza ya rodi yalienda vizuri. La tatu, nikiwa tabaka la nne kati ya saba, umeme ukakatika.

Kwa dirisha la kawaida mnajua tunafanya nini: tunakwenda kunywa chai. Kwa bamba lile, likipoa likiwa nusu na mshono umebanwa hivyo, lilikuwa limekwisha. Nilimtuma mtu akaulize jenereta. Akarudi na habari kwamba jenereta limeazimwa na shule kwa ajili ya mahafali. Gesi ya kupashia ilikuwa inaelekea kuisha.

"Mkaa," akasema Martina, na alikuwa ameshatoka kabla sijaitika.

Alirudi na majiko mawili ya mama wa chai, yamewaka tayari, chai ya watu imeepuliwa. Tuliyaweka chini ya bamba, moja kila upande. Martina alipepea kwa kifuniko cha ndoo. Mimi nilisogeza makaa kwa koleo, nikitazama rangi. Ester alichora chaki kila baada ya dakika chache na kutaja namba kwa sauti. Mia mbili. Mia mbili. Haijafika mia mbili, ongeza kulia. Wanaume wa kitengo cha magari walikuja kuchungulia wakauliza tunachoma nini. Martina akawajibu, "Jua," akaendelea kupepea.

Ilipita saa moja, ikapita ya pili. Ester alikuwa amekaa chini sakafuni na koti lake la ofisini, chaki mkononi, mikunjo ya paji la uso imejaa masizi.

"Mwalimu, likishuka chini ya mia na hamsini tutalitupa. Siwezi kuandika uongo."

"Hujaombwa uandike uongo. Pima."

"Mia mbili."

"Basi kaa hapo."

Umeme ulirudi saa nane na robo mchana. Mikono yangu ilikuwa imechoka, lakini nilipoteremsha kioo cheusi na kugusisha rodi, ulitoka ule mlio ambao nilikuwa nikiusikiliza tangu siku za chaki, na mkono ukatulia wenyewe. Nilimaliza matabaka matatu yaliyobaki. Tukaliacha juu ya mkaa saa mbili nyingine, hewa ile mbaya ipate kutoka, kisha tukalizika kwenye pipa la majivu na wenzake. Martina alirudisha majiko akaomba msamaha kwa niaba ya karakana. Mama wa chai alitaka tu kujua kama chakula kimeiva.

Argoni ilichukua siku mbili na ilikuwa ya amani. Nilichomelea mawili. La tatu, macho yangu yalikuwa yanatoa machozi, nikampa Martina. Ester aliyafunga mabamba sita kwa blanketi akaondoka nayo kwenda kuyatia kwenye tanuri la chuo, ambalo linayapasha tena mpaka yaive rangi nyekundu iliyokolea na kulainisha ugumu uliobaki.

Majibu yalikuja nikiwa nimeshastaafu. Nilikuwa shambani Endagikot nachimba viazi, simu imo kwenye mfuko wa aproni. Ester hakusalimia vizuri, akarudi kusalimia, akaanza upya.

"Yote sita, Mwalimu. Yamepigwa picha za ndani, hakuna ufa. Tumeyakunja mpaka ncha zinakaribia kukutana, hakuna ufa. Hata lile la mkaa."

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Akanisomea ulinganisho wote, na ninauandika hapa kwa sababu ni kazi yetu na msije mkausikia kwa watu umegeuzwa. Mwonzi wa elektroni ulitoa mshono mwembamba na safi kuliko wote, lakini unataka chumba kisicho na hewa, na mtambo mzima huwezi kuuingiza chumbani. Leza ilikuwa ya haraka, na chuma hakikupinda, ila vipande visipokaa sawasawa, hata mwanya wa unywele tu, inaacha vitundu. Argoni yetu ilikuwa ya polepole, na ilipopigwa kwa nyundo ya kupimia ilivumilia vizuri kabisa, ikasimama bega kwa bega na mashine. Rodi ilikuwa ya mwisho kwa uvumilivu. Sitaficha. Lakini ilipita kipimo kilichowekwa, na ndiyo pekee inayoweza kufika popote mtu anapoweza kufika. Ile sentensi ya kwamba chuma hakifai kuchomelewa kwa mkono ilifutwa.

Wenzake wa nje waliomba jambo moja zaidi: waone. Hivyo mwezi uliopita nilirudi karakana kama mgeni, mkaweka simu juu ya kiguzo, na Ester akaleta bamba jipya la argoni. Bwana mmoja kwenye simu, mwenye mvi na miwani, aliuliza swali refu. Ester akalitafsiri kwa ufupi.

"Anauliza, watu wanaoweza hivi mko wangapi?"

Niligeuka. Mlikuwa kumi na wanne nyuma yangu, mmevaa maovaroli, mmesimama kama mnapigwa picha ya kipaimara.

"Mwambie mimi nimestaafu, asinihesabu," nikasema. "Awahesabu hao." Nikavua glavu, nikampa Martina.

Alichomelea bamba lile kuanzia tabaka la kwanza mpaka la mwisho huku nchi tatu zinamtazama, na hakuinua kichwa hata mara moja kuangalia ile simu. Mimi nilisimama kando nikiwa nimetazama ukutani, nasikiliza.

Juzi Ester alinitumia ukurasa wa ripoti. Kwenye safu ya majina ya wachomeleaji kuna majina mawili kutoka Mbulu, na la Martina limetangulia. Ester ameeleza kwamba hawakufuata alfabeti wala umri. Walifuata ubora wa bamba. Niliusoma nimesimama katikati ya matuta, nikausoma tena kwa sauti, jirani yangu akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni kinyume chake. Kisha nikampigia Martina.

Alipokea akiwa bado na ngao ya kuchomelea usoni, sauti imezibwa.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani, naomba dakika kumi. Nina bamba la moto."

"Maliza kwanza," nikamwambia. "Mimi sasa nina muda."